Si kila ushauri wa daktari una uzito sawa

Wazazi wengi hapa Baba Dogo wakimleta mtoto mwenye homa kali kliniki huuliza, "Daktari, mbona humwekei maji?" Aghalabu huamini kuwa chupa ikitundikwa, tiba imeanza.

Msomaji, daktari hufuata miongozo ya matibabu. Ushauri mwingi ulio humo hupimwa mara mbili. Kwanza ni ubora wa ushahidi: wa juu, wa wastani, wa chini au wa chini sana. Pili ni nguvu ya pendekezo lenyewe: thabiti au la masharti. Utaratibu huu, uitwao GRADE, ulianza kuundwa mwaka wa 2000, na Shirika la Afya Duniani (WHO) huutumia.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa miaka mingi, watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vyema walitiwa maji mishipani kwa kasi, ijapokuwa ushahidi ulikuwa hafifu. Utafiti wa FEAST ukafanywa kwa watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo ya 2011 yalishangaza: kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji hayo, 10 au 11 walifariki katika saa 48. Miongoni mwa wasiomiminiwa, walikuwa 7.

Linganisha na malaria kali. Mwaka wa 2010, utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika ulionyesha kuwa atesuneti iliokoa maisha zaidi ya kwinini. WHO iliipendekeza kwa uthabiti.

Wewe ufanye nini? Pendekezo likiwa thabiti, usilikatae kwa sababu ya uvumi wa jirani. Likiwa la masharti, si kwamba ni la uongo. Ni kwamba faida na madhara yanakaribiana, au ushahidi hautoshi. Hapo uliza: nitafaidika nini? Kuna madhara gani? Gharama ni ngapi? Kuna njia nyingine?

Lakini tahadhari: utafiti wa FEAST haukuhusu watoto wanaoharisha. Mtoto anayeharisha hadi macho yakabonyea anahitaji maji upesi. Mnyweshe ORS mkiwa njiani kuelekea hospitalini, na akihitaji kuwekewa dripu, usikatae.

Kumuuliza daktari ushauri wake una nguvu kiasi gani si utovu wa adabu. Ni haki yako.