Je, Wajua? Kikohozi cha Hosteli

Saa saba usiku, wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Kitanda cha juu kinakohoa, cha chini kinajigeuza. Dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, pazia limeshushwa kwa sababu ya taa za nje, na mgonjwa amejiziba mdomo kwa shuka ili wenzake wasimsikie. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakuwahi kulala hosteli msimu wa mitihani. Safu ya leo ni ya huyo anayekohoa na ya wenzake wa chumbani.

Je, wajua kwamba Hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa mwaka 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840 katika majengo 20? Gawa mwenyewe: ni watu 192 kwa kila jengo, kabla hujawahesabu wanaobebana, wawili kitanda kimoja. Ngazi moja, korido moja, foleni moja ya bafu.

Je, wajua kwamba mwenye influenza huweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya? Jana mmekula chipsi sahani moja mkicheka, leo yeye yuko kitandani, keshokutwa ni zamu yako. Baada ya dalili kuanza, huendelea kuambukiza kwa siku tano hadi saba hivi, na zile za mwanzo ndizo kali zaidi.

Je, wajua kwamba homa iliyoshushwa na panadol haijaondoka? Imefunikwa tu. Mwaka 2009, homa ya mafua ya nguruwe ilipoenea duniani, mamlaka ya afya ya Marekani iliviandikia vyuo vikuu mwongozo: mwanafunzi mgonjwa abaki chumbani mpaka zipite saa 24 bila homa, tena bila kumeza dawa ya kuishusha. Anayemeza vidonge viwili saa moja asubuhi ili saa mbili awe darasani amekidanganya kipimajoto. Wenzake wa benchi la mbele hawajapona kwa hilo.

Je, wajua kwamba mwongozo huohuo ulipendekeza vyuo viwape wanafunzi "rafiki wa mafua"? Mnapatana wawili mkiwa bado wazima. Mmoja akiugua, mwenzake anamletea uji na maji, anamchukulia notsi na kumjulia hali bila kukaa naye uso kwa uso. Sisi hatuhitaji mwongozo kutoka ng'ambo kujua maana ya kumpelekea mgonjwa uji. Kilicho kipya hapo ni kupatana mapema. Mtu akishawaka homa hana nguvu ya kutafuta wa kumsaidia.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 2009, mwezi Juni, Kenya ilipothibitisha kisa chake cha kwanza cha homa hiyo ya mafua ya nguruwe, mgonjwa alikuwa mwanafunzi? Alikuwa amekuja na msafara wa wanafunzi wenzake kutoka Uingereza, na kundi zima likazuiwa hotelini Kisumu. Mwanafunzi husafiri, hukaa kwa makundi, na husikia aibu kulala mchana. Kirusi hakina mwenyeji bora zaidi.

Je, wajua kwamba kuimba kunasambaza ugonjwa zaidi kuliko kukaa kimya? Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Wagonjwa wa korona, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wakafika 53 pamoja naye, na wawili wakafariki. Kwaya ya chuo, kikundi cha maombi, mdahalo wa kupayukiana: mwenye kikohozi apumzike wiki hiyo, sauti ya pili haitaanguka.

Je, wajua kwamba simbilisi ndio walioshuhudia kwamba kifua kikuu husafiri kwa hewa? Miaka ya 1950, katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani, watafiti William Wells na Richard Riley walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa sita wa kifua kikuu, wakaipitisha kwenye mabomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi juu darini. Wanyama wale hawakumwona mgonjwa wala kugusa shuka lake. Kazi yao ilikuwa kuvuta pumzi tu, na baadhi yao wakaambukizwa.

Basi wajua dawa ya kwanza isiyouzwa duka la dawa? Dirisha. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya chumba zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa kwenye vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuingiza hewa. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha mapana ndiyo yaliyoshinda. Na mbu je? Weka wavu dirishani, tundika chandarua kitandani, acha hewa ipite. Feni inayozungusha hewa ileile kwenye chumba kilichofungwa haijaingiza hewa mpya hata kidogo.

Je, wajua kwamba vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti, ni vyumba vya kujisomea salama kuliko chumba chenye kiyoyozi wakati wa mafua? Huko pumzi ya mtu hupotelea hewani. Majadiliano ya watu wanane yahamie nje, na anayepiga chafya apige kwenye kiwiko, si kwenye kiganja kitakachoshika peni ya mwenzake.

Je, wajua kwamba kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani? Darasa la saa nne linaweza kuambukizwa na aliyesoma humo saa mbili. Kama hukumaliza chanjo za utotoni, uliza zahanati ya chuo. Hujachelewa.

Je, wajua kwamba kuidharau barakoa kuliwahi kumgharimu mtu uhai? Mwishoni mwa mwaka 1910, tauni ya mapafu ilizuka Harbin, kaskazini mashariki mwa China. Wu Lien-teh, daktari wa miaka 31, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, akasema ugonjwa unapita hewani na kuwataka wahudumu wafunge pua na mdomo kwa shashi na pamba. Daktari mkongwe Mfaransa, Gérald Mesny, aliona haya ni maneno ya kijana. Akaingia wodini uso wazi. Siku chache baadaye alikuwa marehemu. Wewe unayekohoa, vaa barakoa ufunike pua pia. Iliyoning'inia kidevuni ni pambo.

Je, wajua kwamba dawa za antibayotiki haziui kirusi cha mafua? Kazi yake ni bakteria. Kumeza nusu dozi ya amoksilini iliyobaki kwa rafiki ni kuwafundisha bakteria kuizoea. Kujifukiza, yaani nyungu, hakuui kirusi, na sufuria la maji ya moto katika chumba cha vitanda vinne limeunguza watu. Tangawizi, asali na maji mengi vitakutuliza koo, usivipe kazi nyingine.

Je, wajua kwamba robo hivi ya watu wote duniani inakadiriwa kuwa na vimelea vya kifua kikuu mwilini, vimelala? Wengi hawataugua kamwe; ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Kulala njaa na kinga iliyodhoofika huviamsha.

Je, wajua kwamba kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani, kijiko, shuka wala kupeana mkono? Kumtengea mwenzako kikombe hakumkingi mtu, kunamfundisha tu kuficha. Kinachokinga ni yeye kuanza dawa. Baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, wagonjwa wengi hawaambukizi tena, ingawa dozi ya kawaida ni miezi sita bila kuruka. Tanzania na Kenya dawa hizo hutolewa bure. Usishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa: ni dawa moja kati yake, rifampisini, inayofanya hivyo.

Je, wajua kwamba kuna chuo kikuu ambako panya hupima makohozi? Ni Sokoine, Morogoro, ambako shirika la APOPO hufunza panya buku. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mtu mwenye darubini angehitaji hadi siku nne. Akituliza pua juu ya tundu la sampuli yenye ugonjwa, anapewa ndizi, na sampuli hiyo inarudishwa maabara kuthibitishwa. Wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana kitu wamegunduliwa kwa pua hizo.

Je, wajua kwamba kufunga chuo si kuufunga ugonjwa? Machi 2020 vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa ajili ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Lakini mwanafunzi anayeondoka chuoni hupanda basi, na basi humfikisha kwa bibi. Ukiwa na homa na kikohozi usikimbilie nyumbani kuuguzwa na wazee. Pima kwanza, safiri baadaye.

Je, wajua dalili zisizosubiri asubuhi? Kupumua kwa shida, kifua kubana au kuuma, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, makohozi yenye damu, na homa iliyokwisha kupungua kisha ikarudi kwa kishindo. Hapo usitume ujumbe kwenye kundi la darasa kuuliza nani ana dawa. Mwamsheni mlezi wa hosteli, tafuteni gari.

Je, wajua kwamba kanuni za mitihani za vyuo vingi zina nafasi ya mtihani maalumu kwa aliyeugua? Masharti ni kutoa taarifa mapema na kuwa na karatasi ya daktari. Anayeonana na Mshauri wa Wanafunzi siku ya ugonjwa ana hoja. Anayekwenda matokeo yakishabandikwa ana hadithi. Hofu ya kukosa mtihani ndiyo inayowapeleka wengi ukumbini na homa, na huko wanaacha majibu mabovu na virusi vizima.

Turudi chumbani, saa saba usiku. Wa kitanda cha chini ameamka. Anaweza kuvuta shuka masikioni, au kulalamika kwamba halali. Au anaweza kusukuma dirisha wazi na kuuliza, "We, hicho kikohozi kina wiki ya ngapi?"

Je, wajua kwamba hilo ni miongoni mwa maswali ya mwanzo atakayouliza daktari? Jibu likiwa "ya pili," asubuhi mwende wote wawili zahanati mkapime makohozi. Mwenye notsi atawasubiri.