Picha Zilizovuka Bahari

Bila shaka umeliona jambo hili. Redio ya masafa mafupi, yaani SW, hukamata stesheni za nchi za mbali. Lakini stesheni za FM husikika karibu tu. Ukivuka mlima, sauti inapotea. Kwa nini?

Mawimbi ya redio hutikisika haraka sana. Mawimbi ya SW hutikisika mara milioni 3 hadi 30 kwa sekunde moja. Juu sana angani, kilomita 100 hadi 400 hivi, jua hutia hewa nyembamba umeme. Mawimbi ya SW yakifika huko hurudi chini, kama mpira uliogonga dari. Hutua mbali. Mawimbi ya FM hutikisika mara milioni 88 hadi 108. Hayo kwa kawaida hupenya, huenda zake, hayarudi.

Katikati yapo mawimbi vigeugeu, ya mara milioni 30 hadi 50 hivi. Siku nyingi hupenya. Lakini jua likiwa na madoa mengi meusi, umeme wa angani huzidi, nayo hurudi. Madoa hayo huongezeka kila baada ya miaka 11 hivi. Yalikuwa mengi mwaka 1937, na tena mwaka 2024.

Sasa sikiliza kisa hiki cha kweli. Mwaka 1936 BBC ilianza kurusha televisheni kutoka jumba la Alexandra Palace, London. Picha zilikwenda kwa mawimbi ya mara milioni 45. Zilikusudiwa watu wa London na vitongoji vyake, basi. Lakini Novemba 1938, mafundi wa kampuni ya RCA huko Riverhead, katika jimbo la New York, Marekani, walizinasa. Bahari nzima iko katikati, zaidi ya kilomita 5,000!

Picha zilikuwa hafifu. Zilicheza, zikafifia, zikarudi. Mafundi walielekeza kamera ya sinema kwenye kioo, wakapiga filamu ya dakika nne hivi. Wamo watangazaji wawili wanawake, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Midomo yao inacheza, lakini filamu haina sauti.

Septemba 1, 1939, vita ikikaribia, televisheni ya London ilizimwa. Siku hizo vipindi vya moja kwa moja havikuwekwa akiba. Kilichosalia ni kile kipande kilichonaswa ng'ambo.

Je, wewe unaweza kusikia maajabu kama hayo? Mara chache, ndiyo. Wingu la umeme likitokea kilomita 100 hivi juu, hata FM huweza kuruka kilomita 1,000 na zaidi. Siku ukisikia lugha ngeni kwenye FM, usiipige redio makofi. Haijaharibika. Iache hapo hapo, andika tarehe na saa, ungoje jina la stesheni litajwe. Fanya haraka, maana baada ya dakika chache huenda isisikike tena.