Kiazi Unachokiacha Ndicho Kilichokwisha Kazi

"Nikichimba kiazi kimoja nikaacha cha pili ardhini, si ua litaota tena mwakani?" Swali hili huulizwa na wachimbaji, wanafunzi, na hata watu waliosomea misitu. Jibu ni hapana, halioti. Nimekwisha kulijibu kwa sentensi moja mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu imani hii ndiyo inayozimaliza orkidi za milima yetu ya kusini huku kila anayezichimba akiamini kwamba anavuna kwa busara.

Nazungumzia orkidi zinazoota ardhini, Disa, Satyrium na Habenaria, katika nyasi na miombo ya nyanda za juu kuanzia Makete na Rungwe hadi Sumbawanga. Viazi vyake ndivyo vinavyotengenezewa chikanda: hukaushwa, hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, vikapikwa mpaka vishikane na kukatwa vipande. Zambia chakula hiki kinapendwa sana, na viazi vya huko vilipoadimika, wanunuzi walivuka mpaka. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba spishi zipatazo 85 zilikuwa zikichimbwa au ziko hatarini kuchimbwa.

Sasa turudi kwenye viazi viwili. Ni kweli, chini ya bua la orkidi hizi mara nyingi utavikuta viwili. Kimoja ni laini, kimenyauka na kuwa kahawia. Kingine ni kigumu, kimejaa, na ndani ni cheupe. Watu wakiviona hivyo hudhani ni ndugu wawili, ukimwondoa mmoja, mwenzake atabaki kuendeleza ukoo. Si hivyo hata kidogo. Kile laini ni cha msimu uliopita. Chakula chote kilichokuwamo kimepanda juu, kikawa bua, majani na hilo ua unalolitazama. Hata usipokigusa, kitaoza msimu ukiisha. Kile kigumu ndicho mmea wa mwakani. Chipukizi lake limekwisha kujiandaa, na majani yakikauka kiangazi, uhai wote wa orkidi umo humo na si penginepo.

Mnunuzi gani anataka kiazi kilichonyauka? Hayupo. Kinachoingia kwenye gunia ni kile kigumu, kila mara. Kwa hiyo anayesema ameacha nusu amemwachia mkulima debe tupu na kuondoka na mbegu yake. Mmea ule umekufa tangu siku ile, ila ua litasimama siku chache kabla ya kunyauka, na hizo siku chache ndizo zinazowadanganya watu.

Hapo hubishiwa: "Lakini mwalimu, mwaka uliofuata tulikuta maua palepale." Bila shaka mlikuta, ila si ya mimea mliyoichimba. Orkidi za ardhini zina tabia ya kukaa msimu mzima bila kutoa ua, na nyingine hazichomozi kabisa. Mchimbaji hufuata anachokiona, na zile zilizojificha humponyoka. Ndizo hizo zilizotoa maua mwaka uliofuata, nazo zikachimbwa. Ukiendelea hivyo, utafika mwaka ambao hakuna tena iliyojificha, na kijiji kizima kitauliza maua yamekwenda wapi.

Wengine hukimbilia mbegu. Tumba moja la orkidi lina mbegu kwa maelfu, wanasema, zitajaza pengo. Mbegu hizo ni laini kama vumbi kwa sababu hazina akiba ya chakula. Mbegu ya mahindi au ya maharage huzaliwa na chakula chake. Ya orkidi porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa ardhini anayefaa, ambaye ndiye huilisha. Mfaransa Noël Bernard aligundua jambo hili mwaka 1899, wala si siri tena. Nyingi ya mbegu hizo hazikutani na kuvu huyo. Chache zinazokutana naye huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Tena mmea ukichimbwa kabla tumba halijakomaa, hata hiyo bahati ndogo haipo.

Kwa sababu hiyohiyo, usiuhamishie bustanini kwako ukisema unauokoa. Kuvu wake, baridi yake na kiangazi chake vimebaki mlimani.

Ufanye nini basi? Ukiwa na shamba lenye orkidi, acha kipande hicho bila kulimwa. Ukihitaji fedha, viazi mviringo na pareto vinastawi kwenye milima hiyohiyo. Ukitaka ua la nyumbani, nunua lililokuzwa kitaluni, uliza limetoka wapi, na uondoke kama muuzaji hana jibu. Ukitaka kuziona porini, nenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili. Vyuo vyenye maabara vioteshe mbegu. Kazi ni ya polepole lakini inawezekana. Na anayevusha viazi mpakani ajue kwamba orkidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na bila kibali anavunja sheria.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea, ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi. Nje ya mipaka hiyo, orkidi hizi zinamtegemea mwenye jembe. Ndugu yangu, acha vyote viwili.