Yairo aliacha shughuli zake akaenda mwenyewe



Kisa cha Yairo katika sura ya 5 ya Injili ya Marko huwa tunakisoma haraka, tukiukimbilia muujiza. Leo tutembee polepole. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu mwenye wadhifa na shughuli nyingi, ambaye bila shaka angeweza kumtuma mtu. Binti yake alipozidiwa alikwenda mwenyewe, akaanguka miguuni pa Yesu mbele ya umati. Walipofika nyumbani, waliokuwa wakilia wakamcheka Yesu. Yeye akawatoa wote nje, akaingia na baba na mama wa mtoto. Na msichana alipoinuka, agizo la mwisho la Bwana katika sura hiyo ni kwamba apewe chakula.

Kisa hiki kimenirudia mara nyingi siku hizi kwa sababu ya wazazi vijana ambao kwao kumpa mtoto chakula ni jambo la kutisha. Watoto wao wana mzio wa chakula, ambao wengi tunauita aleji. Mwili wa mtoto hukipokea chakula kizuri kama adui na kupigana nacho. Mara nyingi huwa ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho, ngano, soya au samaki. Dakika chache baada ya kula hutokea vipele, midomo huvimba, mtoto hutapika. Hali ikiwa kali koo hubana na pumzi hukatika, na mtoto anaweza kufa asipowahishwa kuchomwa sindano ya adrenalini. Haya ni tofauti na mtoto kuchagua chakula. Tena wakati mwingine kidogo tu kinatosha: mwiko uliokoroga kisamvu cha karanga, ukitumbukizwa kwenye uji wake bila kuoshwa.

Sasa fikirini unga wa lishe. Mtoto akitimiza miezi 6, mama anatafuta mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, wengine huongeza dagaa, anapeleka mashineni kusaga. Kwa watoto wengi ni chakula kizuri. Kwa mtoto mwenye mzio, kikombe hicho kimoja kinaweza kubeba hatari mbili au tatu.

Wakati huo mama ameshamaliza likizo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi yenye malipo kuwa siku 84, au 100 kwa anayejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba aliwekewa siku 3. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto anapoanza kuonja vyakula, wakati ambapo mzio mwingi hujitokeza, mama yuko ofisini na mtoto yuko na dada wa kazi au bibi yake. Sheria hiyo inamruhusu mama kwenda kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku, lakini anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta anajua kwamba saa hizo huishia kwenye foleni.

Mama mmoja mhasibu alinijia na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba. Mtoto wake alibanwa pumzi akiwa na miezi 8, akakimbizwa hospitali, na baada ya vipimo daktari akasema ni karanga na mayai. Nilidhani atanisimulia ule usiku wa hospitali. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kingine. Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, sisi tumelea watoto saba kwa karanga hizi hizi." Kisha shangazi wa mtoto, akitaka kuonyesha kwamba mtoto anadekezwa tu, akamlambisha kashata kwa siri. Wakarudi hospitali. Tangu siku hiyo yule mama haamini mkono wa mtu yeyote. Asubuhi moja anampigia simu dada wa kazi mara tano, na vitabu vya hesabu havifungiki.

Nilimwita na mumewe. Si mtu mbaya hata kidogo. Ni fundi magari, anatoka alfajiri, fedha ya nyumba inafika. Nilimuuliza mtoto wake hali vitu gani. Akatabasamu, akasema, "Padri, hayo mama yake ndiye anayeyajua."

Hapo nikamsomea habari za Yairo.

Ndugu zangu, nyumba ambayo mtu mmoja tu ndiye anayejua kinachoweza kumuua mtoto haina namna ya kumruhusu mtu huyo aende kazini. Hata akienda, anabaki nyumbani kwa mawazo. Wapo wanaoniambia niwashauri akina mama wa namna hii wakae nyumbani. Mama akiamua hivyo pamoja na mumewe, nitambariki. Lakini akiacha kazi kwa sababu hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyekubali kujifunza kusoma maandishi madogo ya pakiti ya biskuti, hapo tumemwonea, na tusimtwishe Mungu uonevu huo kwa kuuita wito. Yesu alimwingiza baba pamoja na mama chumbani. Agizo la chakula lilitolewa wote wawili wakisikia.

Kuna jambo ambalo sitalizungusha. Wapo wanaomwambia mama wa mtoto kama huyu: tumeshamwombea, sasa mpe ale, mwenye imani haogopi. Huo si ushuhuda. Shetani alimweka Bwana juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajitupe ili malaika wamdake, na Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Mtoto wa miezi 10 hawezi kutumiwa kupimia imani ya watu wazima. Tumwombee, naam. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huja kupona wakikua. Wa karanga hupona wachache zaidi. Siku ya kumjaribisha tena hupangwa na daktari, palipo na dawa na watu wanaojua kuitumia.

Kanisa lenyewe limelazimika kujifunza suala hili mezani pake. Wako waamini wenye ugonjwa wa seliaki, ambao si mzio, ila gluteni iliyomo katika ngano huharibu utumbo wao. Hostia yetu ni ya ngano, na isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa. Mwaka 2003 ofisi ya mafundisho ya imani huko Vatican, chini ya Kardinali Ratzinger, ilieleza kwamba hostia yenye gluteni kidogo inafaa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea kwa divai peke yake. Hakuna aliyeambiwa ajikaze. Paulo naye aliwaambia Wakorinto kwamba yuko tayari asile nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Hakuwa akizungumzia mzio, najua. Walimu wangu wa Maandiko seminarini wasingeniacha niruke muktadha wa nyama za sanamu. Lakini alijua kwamba meza inaweza kupangwa upya kwa ajili ya mmoja.

Nasi tuna meza nyingi. Jumuiya zetu hukutana nyumba kwa nyumba, na mara nyingi kuna bakuli la karanga katikati. Baada ya Misa, kwa upendo kabisa, mtu humtia mtoto wa mwenzake kipande cha keki mdomoni. Tuanze kuuliza kwanza. Na mwajiri mkristo anayesoma ukurasa huu ajue kwamba sheria imempa mfanyakazi siku 4 tu zenye malipo za kuuguza mtoto katika miezi 36. Hakuna sheria inayomzuia yeye kutoa zaidi.

Ile barua bado imo mkobani. Yule fundi ameandika orodha kwa mkono wake na kuibandika juu ya jiko, kuna sufuria na mwiko wa mtoto peke yake, na uji wa mchele na ulezi anaupika yeye kabla hajatoka. Dada wa kazi ameonyeshwa dalili, na namba ya dereva wa bajaji jirani imeandikwa ukutani. Mkuu wa mhasibu amekubali afike saa 3 na kufidia jioni. Mama mkwe bado hajaamini sawasawa, lakini karanga zake siku hizi anakwenda kukaangia kwa jirani.