Creusa watatu, jina moja

Mwanafunzi anayesoma Kilatini anakutana na Creusa katika kitabu cha pili cha Aeneis cha Virgilius. Ni mke wa Aeneas. Usiku ule mji wa Troia unapowaka moto, anapotea njiani nyuma ya mume wake, anakufa. Kisha mwanafunzi huyohuyo anafungua Medea ya Seneca, anamkuta tena Creusa, sasa katika mji wa Korinto, bibi-arusi wa Jason, anayeuawa kwa vazi la sumu alilotumiwa na Medea. Je, mtu mmoja alikufa mara mbili? Sivyo. Ni wanawake wawili, na wa tatu yupo.

Huyo wa tatu ni Creusa wa Atene, binti wa mfalme Erechtheus. Euripides anasimulia habari yake katika mchezo uitwao Ion. Apollo alimshika kwa nguvu. Akazaa mtoto kwa siri, akamwacha ndani ya pango. Mtoto alilelewa hekaluni, kule Delphi. Miaka ikapita, Creusa akafika huko na mume wake kuomba uzazi. Akamwona kijana asimjue, akataka hata kumwua kwa sumu. Kikapu alichomlazia zamani ndicho kilichomjulisha kwamba ni mwanawe.

Sababu gani wote watatu wana jina moja? Tuangalie maana yake. Kwa Kigreki, kreon ni «anayetawala». Kreousa ni neno lilelile kwa mwanamke. Basi linafanana na cheo kuliko jina la mtu, na mapokeo yanawataja wote watatu kuwa mabinti wa wafalme. Tazama yule wa Korinto: baba yake ni Creon, «Mtawala», naye binti ni «Mtawala wa kike»! Tena Euripides, katika Medea yake ya mwaka 431 mbele ya Kristu, hampi bibi-arusi huyo jina lolote. Wengine nyuma yake ndio waliomwita Creusa, ao Glauce. Hadisi ilihitaji binti wa mfalme; jina lake mwenyewe halikutafutwa.

Mke wa Aeneas ni vilevile. Pausanias, katika karne ya pili nyuma ya Kristu, anashuhudia kwamba mashairi ya zamani yalimwita Eurydice. Jina hilo limeungwa na maneno mawili, «pana» na «haki», linamfaa malkia. Ndilo jina la mke wa Creon wa Thebes katika Antigone ya Sophocles, na la mke wa Orpheus pia.

Basi, ukikuta jina la namna hii, unapashwa kuuliza maneno manne: Ni binti wa nani? Ni mke wa nani? Ni wa mji gani? Tena, nani anayesimulia? Swali hili la mwisho linasahauliwa mara nyingi. Lakini jina moja laweza kubeba wanawake watatu, na mwanamke mmoja aweza kuwa na majina mawili kwa waandishi wawili. Asiyeuliza atalia msiba wa mmoja kwenye kaburi la mwingine.