Etajeri ya Karatoni Imekosa Visi: Tutafanya Je?

Labda na wewe unayo nyumbani: etajeri ya vitabu iliyofika ndani ya karatoni, mbao zake zimelazwa moja juu ya nyingine, pamoja na kifuko cha plastiki chenye visi. Labda uliinunua kwa shirika lililofunga ofisi yake, labda ndugu wa Goma au Lubumbashi alikupa kado. Unafungua karatoni, mbao zote ziko, lakini kifuko hakiko. Hapo ndipo mateso yanaanza.

Sisi hapa Kindu tulipata mbili za namna hiyo kwa chumba cha kusomea cha vijana. Zilifika kwa ndege zimefungwa kamba, na njiani kifuko kimoja kilipotea. Katika kile cha pili tulihesabu vijiti vinne vya mbao, visi sita na vipini vitatu vya kushikia rafu. Kijana aliyeshika karatasi ya maelezo akaniangalia: "Pasta, hapa wanaandika vipini makumi mbili. Vingine viko wapi?" Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni wakitaka vitabu, nilifanya kosa ambalo sitaki wewe ulifanye. Nilichukua nyundo na misumari, nikapigilia mbao hivyo hivyo. Ule ubao mwembamba wa nyuma ulikuwa umepasuka, nikauacha kando. Nilifikiri ni pambo tu.

Siku ya nane msichana wa miaka saba alikanyaga rafu ya chini ili afikie kitabu chenye picha. Etajeri ikayumba, misumari ikachomoka, ikamwangukia pamoja na vitabu. Benchi lililokuwa mbele ndilo lililoizuia. Alitoka na uvimbe kwenye paji la uso, na mama yake hakunisemesha siku mbili. Alikuwa na haki.

Ndipo nikaanza kuuliza: vitu hivi vinatengenezwa namna gani, hata kipande kidogo kikikosekana vyote vinaharibika?

Habari ndefu ya etajeri hizi inapita Uswidi, nchi ile ile walikotoka wamisionari wa Kipentekoste waliofika Kivu katika miaka ya 1920. Huko mwaka 1943 kijana wa miaka 17, Ingvar Kamprad, alianzisha biashara aliyoiita IKEA. Mwaka 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, alitaka kupakia meza ndani ya gari, ikakataa kuingia. Akaitoa miguu. Wakaona faida: mbao zikilala, gari moja linabeba nyingi, na mnunuzi anaziunga mwenyewe nyumbani. Lundgren huyo ndiye aliyechora etajeri iitwayo Billy, iliyotoka mwaka 1979 na inauzwa hata leo.

Sasa sikia jambo litakalokusaidia. Viwanda vingi vya Ulaya vinafuata vipimo vya namna moja. Vile vitundu vilivyojipanga ndani ya mbao za kando vina upana wa milimita 5, na toka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine ni milimita 32. Vijiti vya mbao mara nyingi ni milimita 8. Kile kiduara cha chuma unachokizungusha na turnevisi ili kibane kichwa cha visi mara nyingi kina milimita 15. Kwa hiyo kipande cha etajeri ya jirani iliyovunjika kinaweza kuingia katika yako, hata kama hazikutoka kiwanda kimoja. Usichome kuni etajeri iliyokufa! Toa kwanza vyuma vyake vyote, viweke ndani ya kopo.

Ukiwa na mtoto au ndugu Ulaya, usimwandikie tu "nitumie visi". Angalia karatasi ya maelezo: karibu na picha ya kila kipande kidogo kuna namba. Mpe namba hiyo. IKEA inatoa bure vipande vingi vidogo vya namna hii kwa namba, lakini haina duka hapa Kongo, ndiyo maana unahitaji mtu wa huko.

Sisi hatukuwa na mtu wa huko. Tulizunguka soko zima la Kasuku, tukavuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli. Wauzaji wa misumari walicheka. Mwishoe tulimwendea mzee mmoja fundi wa mbao, nikampa kile kipini. Akakigeuza mkononi, akauliza, "Pasta, na hii ndiyo inawashinda?" Alichukua msumari mkubwa wa sentimeta 12, ambao unene wake ni karibu milimita 5, akaukata kwa msumeno wa chuma vipande vya sentimeta 3, akavisugua ncha kwa tupa. Sentimeta moja inaingia ndani ya ubao, mbili zinabeba rafu. Vile vya plastiki vilivunjika vyote baadaye. Vya msumari viko mpaka leo.

Vijiti alivichonga kwa mti wa mvule. Vile viduara vya chuma hakujaribu kuviiga. Alitia vijiti na kole nyeupe ya mbao, kisha ndani ya kila pembe akaweka kipande cha mti mgumu kilichoshikwa kwa visi. Alijua kwamba ubao huu si mti wa kweli, ni vumbi la mbao lililogandamizwa na gundi. Ukipiga msumari pembeni yake, unapasuka. Ukiingiza visi bila kutoboa kwanza tundu jembamba, unapasuka vilevile. Na kama tundu limekwisha kulegea, jaza vijiti vya kiberiti vilivyopakwa kole, ngoja mpaka kesho, halafu toboa upya.

Kuhusu ubao wa nyuma alinikemea kweli. "Huu ndio unakataza nyumba kulala," akasema. Bila huo, mstatili unageuka kuwa kitu kilicholegea, unasukuma juu na chote kinainama upande. Akapigilia tripleksi. Asiye na pesa ya tripleksi aweke fito mbili nyembamba kwa kukingamana toka pembe hadi pembe.

Lakini hata ikiwa imara namna hiyo, mtoto akipanda inaweza kuanguka mbele. Si hadithi ya Kindu tu. Mwaka 2016, Marekani, IKEA iliita irudishwe kabati za droo milioni 29, kwa sababu zilikuwa zimeangukia watoto na kuwaua. Kwa hiyo funga etajeri ukutani. Katika nyumba zetu za matofali ya udongo visi haishiki, inatoka na vumbi. Tulipitisha waya toka juu ya etajeri mpaka kwenye boriti ya paa, pande mbili, tukaukaza. Vitabu vizito, kamusi na konkordansi, viko chini. Rafu iliyoanza kuinama katikati tuligeuza upande wa chini ukawa juu.

Na maji, rafiki yangu! Mvua yetu unaijua. Ubao wa vumbi ukinywa maji unavimba kama mkate, na haurudi tena. Inua etajeri juu ya matofali mawili, iachie nafasi ya vidole vitatu toka ukutani, na kila Jumamosi angalia nyuma kama mchwa hawajaanza kujenga njia yao.

Rafu moja ya katikati ilikuwa imepotea kabisa. Fundi alitengeneza nyingine ya mvule, nyekundu-kahawia kati ya zile nyeupe. Yule msichana huweka vitabu vyake vya picha hapo, kwa kuwa iko kwa kimo chake. Katika kopo langu kimebaki kipande kimoja cha plastiki, cheupe, chenye meno mawili. Nimesoma karatasi ya maelezo mara tatu, sijaona pahali pake.