Bisibisi ya Mama wa Nyumba
Tuliyojifunza Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Nikaha ndiyo iliyotupandisha Nyeri. Baada ya walima tulikaribishwa kulala kwa mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, na baada ya sala ya Isha umeme ukakatika, mtaa mzima ukazama gizani. Sisi watu wa pwani tulikuwa bado tunapapasa simu zetu ili tumulike, mara taa ikawaka sebuleni, kisha nyingine jikoni. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa ameinua swichi moja tu. Pembeni mwa baraza, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, palikuwa na betri ya volti 12, na juu ya bati paneli ndogo ya sola. Yote hayo aliyafunga yeye mwenyewe.

Kwenye mkoba wetu tulikuwa na taa ya kuchaji iliyokuwa imekufa wiki moja kabla, nasi tulikusudia kununua nyingine tukirudi Mombasa. Mama yule aliiomba, akalegeza skrubu nne, akachungulia ndani. “Sheikh, hii haijafa,” akasema. “Waya umeng’oka kwenye betri.” Akaulehemu, akafunga skrubu zake, akaichomeka kwenye betri yake kubwa. Alfajiri tulitilia udhu kwa mwanga wa taa ile ile.

Tukiri mbele ya wasomaji wetu: taa tatu za namna hiyo tulikwisha zitupa jaani katika miaka michache iliyopita, na katika muda huo huo tulisimama mimbarini zaidi ya mara moja kuhutubu juu ya ubaya wa israfu. Huenda zote tatu zilikuwa na ugonjwa huo huo wa waya mmoja.

Tulimwuliza mama yule amefundishwa na nani. Alisema baba yake alikuwa mwalimu upande wa Meru, na katika miaka ya themanini alinunua paneli kwa mshahara wake. Fundi alipokuja kuifunga, yeye binti mdogo ndiye aliyemshikia tochi. Kazi ya kutia maji ya betri ikawa yake, kama vile ndugu zake walivyopewa kazi ya kukata majani ya ng’ombe.

Habari ya baba yule haikuwa ya nyumba moja. Maji ya mlima ule huingia katika mto Tana, na mto huo umefungwa mabwawa ya kuzalisha umeme, Kindaruma tangu mwaka 1968 na Masinga tangu mwaka 1981. Hata hivyo, nyaya zilipita juu ya vijiji vingi kuelekea mijini, na watu walioishi chini yake wakabaki na koroboi. Aliyekuwa na televisheni ndogo aliiendesha kwa betri ya gari, na betri ikiisha ilibidi ibebwe hadi sokoni kuchajiwa.

Mwaka 1984 shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, katika nchi ya Meru, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, alimwendea mhandisi mwenzake wa nchi hiyo, Harold Burris, aliyekuwa ameanzisha duka la Solar Shamba mwaka huo, na shule ikakubali kujaribu umeme wa jua badala ya jenereta. Lililofuata ndilo lililotuvutia zaidi. Mafundi wa pale pale walifundishwa kazi, na walimu na wakulima wa kahawa na chai walipoona madarasa yanawaka usiku walitaka taa hizo majumbani mwao. Mafundi hao walienda nyumba kwa nyumba na bisibisi zao, wakiunganisha paneli ndogo na betri za gari zilizotengenezwa hapa hapa Kenya. Hatimaye nyumba zilizopata nuru kwa njia hiyo nchini zilipita laki moja, nyingi kwa fedha za wenyewe, bila kuisubiri serikali.

Tulipozunguka mlima kwa njia ya Karatina tulisimuliwa pia habari ya Kirinyaga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kathamba na Thima, wakisaidiwa na wataalamu kutoka Uingereza, waliteka maji ya vijito vyao kwa bomba na kuyafanya yazungushe mitambo midogo. Mtambo wa Kathamba ulitoa wati 1,100 tu, ukawasha taa katika nyumba 65. Ule wa Thima ulitoa wati 2,200 kwa nyumba 110. Ndugu msomaji, birika la umeme katika jiko la Mombasa hula karibu wati 2,000. Nyumba 65 ziliondokana na giza kwa takriban nusu ya birika moja! Waliweza kwa sababu walipima, wakagawana, na kila nyumba ikajua haki yake ni taa ngapi.

Turudi kwetu. Leo vifaa vinatujia vimefungwa kwa nje na kwa ndani. Dada yetu mmoja wa upande wa Likoni alinunua sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Siku aliyochelewa kulipa, taa zilijizima wanawe wakiwa wanasoma kwa ajili ya mtihani. Alivumilia, akalipa kwa zaidi ya mwaka mpaka akamaliza. Haikupita miezi mingi betri ikachoka. Alipouliza namna ya kuibadilisha aliambiwa achukue sola mpya, yaani deni jipya. Skrubu za sanduku lile zilikuwa za umbo ambalo bisibisi ya kawaida hailifungui. Mama wa Nyeri aliposimuliwa kisa hiki aliuliza neno moja tu: “Basi alinunua taa, au alipanga taa?”

Hatusemi hivi kuwalaumu wote wenye biashara hiyo; wapo wengi wasioweza kutoa fedha taslimu ambao wamepata nuru kwa njia ile. Wala haturuhusu mtu kuvunja kufuli la kifaa ambacho hajamaliza kukilipia, kwani ahadi ni deni. Tunachosema ni kwamba muulize muuzaji kabla hujatoa shilingi ya kwanza: betri ikifa, itabadilishwa na nani na kwa kiasi gani? Nikimaliza kulipa, fundi wa mtaani ataweza kulifungua sanduku? Biashara ya haki haiogopi maswali hayo.

Wako watakaosema kwamba kushika bisibisi si kazi ya heshima, au si kazi ya mwanamke. Tuwakumbushe kuwa Nabii Daudi alifua deraya kwa mikono yake, na Mtume wetu (S.A.W.) alishona viatu vyake mwenyewe. Wanavyuoni nao wamehesabu ufundi ambao jamii inauhitaji kuwa ni faradhi ya kutosheleza: ikiwa hakuna hata mmoja miongoni mwetu anayeujua, sote tuna lawama. Na nyumba ambayo mumewe yuko safarini baharini au Arabuni, ni nani aliye karibu zaidi na taa iliyozimika kuliko mama?

Mama yule alitupa mafunzo machache, nasi tunayafikisha kama amana.

Kwanza, nunua mita ya kupimia umeme kabla ya kifaa kingine chochote. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikishuka chini ya 12, zima taa na uiache ichajiwe, kwani kinachoua betri nyingi ni kukamuliwa mpaka tone la mwisho.

Pili, betri za kutiwa maji zitiwe maji ya betri yanayouzwa dukani. Maji ya bomba, na hasa ya visima vyetu vya pwani yenye chumvi, huziharibu.

Tatu, weka fyuzi karibu na ncha ya chanya. Fyuzi ya bei ndogo ikikatika, imeokoa nyumba.

Nne, betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Usiweke karibu yake kibatari, mkaa wala chetezo, na watoto wakae mbali na asidi.

Tano, na hili alilirudia mara mbili: kazi ya kujifundishia ni volti 12. Umeme wa ukutani unaua, na huo ni wa fundi mwenye leseni. Hata betri za simu na za lithiamu zisitobolewe wala zisilehemiwe nyumbani, kwani huwaka moto ghafla.

Tulipoagana, mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye mkeka na redio iliyokufa, akipanga skrubu zake juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu zilivyotoka. Bibi yake hakumhimiza wala hakumkataza. Alimwambia tu asiipoteze hata moja.

Taa yetu ingali inawaka mpaka leo tunapoandika haya. Nasi tumenunua bisibisi moja, na binti yetu mdogo ndiye aliyekabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.